Wasomaji Wanauliza: Mauti Jukwaani na Wanawake Wanaomwigiza

Katika toleo lililopita ukurasa huu ulieleza kwa ufupi tamthilia ya muziki iitwayo Elisabeth, hadithi ya malkia anayependwa na Mauti mwenyewe, kama inavyochezwa na Takarazuka, kampuni ya Japani ambayo waigizaji wake wote ni wanawake. Barua zilizotufikia kutoka Mbeya, Iringa na Njombe zimezidi nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo tumechagua hasa zile zinazouliza juu ya uigizaji wenyewe, kwa kuwa uzito wa tamthilia hii uko hapo.

Shikamoo Mhariri. Ninasoma kidato cha tano, mchepuo wa historia. Je, huyo Elisabeth alikuwa mtu wa kweli? Na kama ni wa kweli, inakuwaje apendwe na Mauti?
*Mwanafunzi, Mafinga*

Marahaba. Elisabeth aliishi kweli. Alizaliwa Munich tarehe 24 Desemba 1837, akaolewa na Franz Joseph, mtawala wa Austria, tarehe 24 Aprili 1854 akiwa na miaka 16, na akauawa Geneva, Uswisi, tarehe 10 Septemba 1898. Muuaji wake, Mwitaliano Luigi Lucheni, alimchoma kifuani kwa tupa iliyonolewa alipokuwa akienda kupanda meli. Alianguka, akainuka, akatembea hadi melini, na ndipo nguvu zikamwishia. Kwa kuwa unaandika kutoka mkoa wa Iringa, nitakukumbusha kwamba Mtwa Mkwawa alijiua Mlambalasi tarehe 19 Julai ya mwaka huohuo wa 1898, wakati ngome yake ya Kalenga ilikuwa bado na makovu ya mizinga ya mwaka 1894. Wengi hudhani kwamba habari za malkia wa Ulaya ni za kale mno, kumbe hizi ni za siku ambazo wazee wa nyanda hizi wanazisimulia kwa majina ya watu na mahali.

Mauti ni ubunifu wa Michael Kunze, aliyeandika maneno, na Sylvester Levay, aliyetunga muziki. Tamthilia yao ilianza kuonyeshwa Theater an der Wien, mjini Vienna, tarehe 3 Septemba 1992. Lucheni, ambaye kihistoria alijinyonga gerezani mwaka 1910, anahojiwa na hakimu wa ahera kwa nini alimuua mwanamke yule, naye anajibu kwamba mwanamke mwenyewe alitaka, kwa kuwa yeye na Mauti walipendana. Kisha anawaita wafu waje kutoa ushahidi. Ndiyo maana kazi hii huwekwa katika utanzu wa kigothi, ule unaotafuta uzuri ndani ya makaburi, majumba ya kifalme yenye giza, na mizimu isiyotulia. Matukio makubwa ya historia yamebaki mahali pake: kifo cha binti mdogo Sophie mwaka 1857, kutawazwa Hungaria mwaka 1867, na kifo cha mwana wa kiume wa pekee, Rudolf, huko Mayerling mwaka 1889. Kilichoongezwa ni kwamba katika kila tukio Mauti amesimama kando, akimsubiri mama huyu.

Ndugu Mhariri, ninafundisha kwaya hapa Tukuyu, na nimetazama vipande vya onyesho hilo kwenye simu ya binti yangu. Sauti ya Mauti ni nzito, lakini si ya tatu wala ya nne kama ninavyozifahamu kwa wanaume. Mwanamke anawezaje kuimba hivyo kila siku bila kuharibu koo? Na kwa nini wasiwachukue tu wanaume wakaimba?
*Mwalimu wa kwaya, Tukuyu*

Mwalimu, umesikia vizuri. Sauti ile haikukusudiwa kumdanganya mtu adhani anamsikiliza mwanamume. Waigizaji wa Takarazuka wanaochukua nafasi za kiume huimba kwa sauti ya kifua, chini kabisa katika eneo ambalo kwenye kwaya yako ungeliita sauti ya pili, ile ya chini ya wanawake, na mara kwa mara hushuka hadi kwenye noti ambazo waimbaji wako wa sauti ya tatu huziimba bila shida. Nyimbo zilizotungwa Vienna kwa ajili ya koo la mwanamume hubadilishwa ufunguo ili zimfae anayeimba. Kila mmoja huvaa maikrofoni ndogo, na okestra hupiga mubashara mbele ya jukwaa, kwa hiyo hakuna anayelazimika kupiga kelele ili asikike nyuma ya ukumbi. Lakini jibu kubwa zaidi ni muda. Miongoni mwa wenyewe kuna msemo kwamba mwigizaji wa nafasi za kiume hukamilika baada ya miaka kumi, na ninaamini msemo huo kila ninapomsikia mwimbaji wa aina hiyo akishuka taratibu hadi noti ya chini kabisa, akatulia hapo, bila kukwaruza na bila kuisukuma.

Swali lako la pili ndilo linalonigusa zaidi. Katika sehemu ya pili ya tamthilia, Rudolf, mwana wa mfalme aliyekosa sikio la baba na la mama, anaimba pamoja na Mauti juu ya giza linalotanda juu ya dola yao. Wimbo huu ukiimbwa na wanaume wawili, kama ulivyotungwa, tunasikia mtu mzima akimshawishi kijana. Katika Takarazuka waimbaji wote wawili ni wanawake, tena sauti zao zinakaribiana mno, na wimbo unapopanda hatua kwa hatua masikio hayajui tena ni nani anayeongoza na nani anayefuata. Rudolf anauliza, anajibiwa kwa sauti ambayo nusura iwe yake mwenyewe, na hadhira inaanza kuamini kwamba kijana huyu anazungumza na kitu kilichokuwa ndani yake tangu utotoni. Wewe unayefundisha kwaya unajua jinsi sauti mbili zilizokaribiana zinavyoweza kuzaa mtetemo ambao hauko katika sauti moja peke yake. Mtetemo huo ndio Mauti. Sijapata kuusikia katika onyesho la mchanganyiko, hata pale waimbaji walipokuwa hodari sana.

Onyesho la mchanganyiko lipo, na liko Japani hukohuko: tangu mwaka 2000 kampuni ya Toho imekuwa ikiicheza tamthilia hii kwa wanaume na wanawake, chini ya mwongozaji yuleyule wa Takarazuka, Koike Shuichiro. Anayetaka sauti ya kiume anaipata kule. Kwa maoni yangu, hata hivyo, mwanamume mwenye sura nzuri akimwigiza Mauti huwa mchumba wa pili wa Elisabeth, mshindani wa mume wake, na hadithi inageuka kuwa ya wanaume wawili wanaomgombania mwanamke mmoja. Mwanamke aliyevaa koti refu jeusi na nywele ndefu za bandia, mwenye mwendo wa kiume na mikono isiyo ya kiume, haingii katika ushindani huo. Hatujui ni kiumbe wa namna gani, na Mauti anapaswa kutufanya tusijue.

Kama jina la tamthilia ni Elisabeth, kwa nini Mauti ndiye anayeonekana kuwa mhusika mkuu, tena ndiye anayepokea makofi ya mwisho? Na zile ngoma na manyoya baada ya watu kufa ni za nini?
*Msomaji, Njombe*

Takarazuka imegawanywa katika vikosi vitano, Ua, Mwezi, Theluji, Nyota na Anga, na kila kikosi kina nyota wake mkuu, ambaye kwa desturi ni mwigizaji wa nafasi za kiume. Tamthilia zote hupangwa kumzunguka yeye. Kwa hiyo Koike alipoileta kazi hii mwaka 1996 alilazimika kumweka Mauti katikati, na Levay akatunga wimbo mpya kwa ajili ya toleo hilo, ambao Mauti anauimba anapomwona Elisabeth kwa mara ya kwanza na kushangaa kwamba yeye, achukuaye uhai wa watu, amependa mtu aliye hai. Mambo mengine yaliondolewa au kulainishwa, hasa yale yaliyohusu siasa za chuki katika Vienna ya siku zile na maradhi ambayo mume anamletea mkewe. Ninasikitika juu ya lile la siasa, kwa sababu liliifanya dola inayobomoka ionekane wazi zaidi. Mwisho nao ni mwororo kuliko wa Vienna: Elisabeth, akiwa katika vazi jeupe, anapaa pamoja na Mauti.

Ngoma na manyoya ni desturi ya kampuni. Baada ya karibu kila tamthilia huja onyesho fupi la dansi, na mwishoni waigizaji wote hushuka ngazi kubwa yenye vidato 26, nyota mkuu akiwa wa mwisho na manyoya yake mgongoni. Mtazamaji mgeni anaweza kukwazika kuwaona marehemu wakitabasamu, lakini watazamaji wa pale huhesabu kwamba hawajaagwa mpaka ngazi hiyo ishukwe.

Mhariri, mimi ni mama wa binti anayependa sana kuigiza. Nimesoma kwamba wasichana hawa huingia shule maalumu wakiwa wadogo. Wanalelewaje huko? Na je, si kuigaiga tu wanaume?
*Mama, Mbeya mjini*

Mama, Shule ya Muziki ya Takarazuka huwapokea wasichana walio kati ya umri wa kumaliza shule ya chini ya sekondari na umri wa kumaliza sekondari ya juu, kwa mtihani mgumu wa kuingia, nao husoma miaka miwili: kuimba, balleti, dansi ya Kijapani, uigizaji. Kampuni ilianzishwa na Kobayashi Ichizo, mwenye shirika la reli, ambaye alitaka abiria wawe na sababu ya kusafiri hadi mji wa Takarazuka ulioko mwisho wa njia, na onyesho la kwanza lilifanyika mwaka 1914. Atakayecheza nafasi za kiume na atakayecheza za kike hupambanuliwa mapema, kimo kikiwa na uzito mkubwa katika uamuzi huo, na tangu hapo msichana hufunzwa jinsi ya kukaa, kugeuka, kuvaa kofia na kumshika mwenzake mkono katika dansi.

Kuhusu kuiga, ninakuomba utazame kwa makini. Hakuna mwanamume wa mtaani anayetembea kama Mauti wa Takarazuka. Japani ina desturi ndefu ya jambo hili katika sura yake ya kinyume: katika kabuki, mchezo wa jadi wa jukwaani, baada ya wanawake kupigwa marufuku jukwaani mwaka 1629, wanaume ndio waliokuza sanaa ya kuwaigiza wanawake, nayo ikawa na kanuni zake ambazo hazipatikani kwa mwanamke yeyote wa sokoni. Takarazuka imefanya vivyo hivyo kwa upande wa pili. Mwanamume anayechongwa pale ni wa jukwaani tu, aliyebuniwa na wanawake, na watazamaji walio wengi ni wanawake pia.

Malezi yenyewe yana upande ambao mzazi ana haki ya kuujua. Nidhamu ya wadogo kwa wakubwa ni kali, na ratiba ni nzito. Septemba 2023 mwigizaji kijana wa kikosi cha Anga alifariki, familia yake ikalalamikia kazi iliyopita kiasi na manyanyaso ya wakubwa wake, na mwezi Machi 2024 kampuni ilikiri kwamba manyanyaso yalikuwepo ikaomba radhi. Ninaipenda sanaa hii kwa dhati, na kwa sababu hiyohiyo nasema kwamba uzuri wa jukwaani hauwezi kuwa kisingizio cha kumvunja msichana nyuma ya pazia. Binti yako akipata mwalimu wa uigizaji, muulize mwalimu huyo kwanza anawapumzisha saa ngapi.

Ndugu Mhariri, umetaja kwamba tamthilia hii imechezwa mara nyingi na vikosi mbalimbali. Tuna kikundi cha kutazama michezo ya kuigiza na tungependa kulinganisha. Tuanze na onyesho lipi, na tuangalie nini?
*Msomaji, Makambako*

Anzeni na lile la kwanza, la kikosi cha Theluji mwaka 1996. Ichiro Maki, aliyemwigiza Mauti, alikuwa akiiaga kampuni, na Mauti ndiye mhusika wake wa mwisho pale. Anatumia ishara chache sana za mikono. Wakati wengine wote wanakimbia, wanacheza waltz au wanagombana, yeye husimama, akageuza shingo kidogo, na macho ya ukumbi mzima yanamfuata. Sauti yake imenyooka na ni baridi, isiyotikiswa kwa makusudi ili isikike ya huzuni. Mkabala naye yuko Hanafusa Mari, Elisabeth anayeanza kama msichana mtundu wa mashambani na ambaye ukali wake unakua pamoja na upweke wake. Todoroki Yu, katika nafasi ya Lucheni, anazungumza na hadhira moja kwa moja, kwa ukavu na dharau, na bila yeye tamthilia ingekuwa tamu kupita kiasi. Mtazameni hasa pale anapowachochea wananchi wa Vienna waliokosa maziwa kwa kuwaambia kwamba maziwa hayo ndiyo anayoogea malkia wao.

Kisha nendeni moja kwa moja hadi mwaka 1998, kikosi cha Anga, ambacho kilikuwa kimeanzishwa mwaka huohuo. Hapo Hanafusa anamwigiza Elisabeth tena, lakini Mauti sasa ni Shizuki Asato, mwimbaji mwenye sauti pana ya kifua na joto jingi. Ni somo zuri kuliko yote ninayoyajua juu ya uigizaji wa watu wawili, kwa sababu Elisabeth ni yuleyule na bado si yuleyule. Mbele ya Mauti wa baridi alikuwa akijitetea. Mbele ya Mauti wa joto inambidi akimbie, na hata pumzi anazovuta kati ya mistari ya nyimbo zinabadilika.

Maonyesho mengine nitayapita haraka. La kikosi cha Ua mwaka 2002 lina Mauti wa Haruno Sumire, ambaye kwa uimbaji mtupu huenda hana mpinzani. La 2014, la kikosi hichohicho, lina Asumi Rio, mwenye uzuri mwepesi unaomfanya Mauti aonekane kijana kuliko Elisabeth, na jambo hilo linanipa mashaka. La 2016 ni la Asaka Manato, na la 2018, ambalo ni la kumi, ni la Tamaki Ryou pamoja na Manaki Reika, Elisabeth ambaye akili yake inaonekana ikifanya kazi katika kila neno.

Msimwache Sena Jun. Mwaka 2002 alikuwa Lucheni, mwaka 2005 akawa Elisabeth, na mwaka 2009 akawa Mauti. Mwigizaji wa nafasi za kiume kumwigiza Elisabeth ni jambo lisilo la kawaida, na katika onyesho la 2005 yanabaki mabega ya mtu aliyezoea kuvaa koti. Baadhi ya watazamaji wanaona ni kasoro. Mimi ninaona kwamba Elisabeth huyo, anapoimba kwamba yeye ni mali ya nafsi yake na si ya ukoo wa mumewe, anaaminika kuliko wengi. Ichiro Maki naye, baada ya kuondoka Takarazuka, alimwigiza Elisabeth katika onyesho la Toho la mwaka 2000. Mwigizaji aliyekwisha kuijua hadithi hii kutoka upande wa Mauti anajua mahali hasa ambapo mwanamke huyu anakaribia kukubali.

Kuhusu cha kuangalia, kikundi chenu kichague mahali pawili. Pa kwanza ni mwisho wa sehemu ya kwanza, Elisabeth anapotokea katika vazi jeupe na nyota za almasi nywelani, kama alivyochorwa na Winterhalter mwaka 1865. Franz anamsihi, Mauti anamngoja, na sauti tatu zinaimba kwa pamoja. Angalieni kama mwigizaji amesimama pale kama picha au kama mtu ambaye ametambua nguvu yake. Pa pili ni baada ya kifo cha Rudolf. Elisabeth, akiwa amevunjika kwa majonzi, anamwomba Mauti amchukue, na Mauti, aliyemngoja miaka yote hiyo, anakataa, akimwambia kwamba kifo si mahali pa kukimbilia. Mistari ni michache. Mwigizaji akiisema kwa hasira tu, Mauti anakuwa mpenzi aliyeudhika. Akiisema kwa ubaridi tu, hakuna mapenzi. Wachache wameweza kutufanya tuone kwamba kukataa huko kunamuuma mkataaji. Pimeni kila Mauti hapo.

Sisi ni kikundi cha akina dada wa Iringa, wengi wetu tumetoka kwenye kwaya. Tunaweza kuandaa kitu cha namna hii, wanawake watupu, wakiwemo wanaoigiza wanaume? Tuanzie wapi?
*Kikundi cha sanaa, Iringa*

Mnaweza. Msianze na nyimbo za Elisabeth mbele ya watazamaji wanaolipa, kwa kuwa maneno na muziki wake vina wenyewe na vinahitaji kibali. Kwa mambo ya hakimiliki waulizeni COSOTA, na kwa kusajili kikundi waoneni BASATA. Mazoezini, lakini, wimbo wa Rudolf na Mauti utawafundisha mengi: watu wawili, sauti mbili za pili, hakuna mapambo.

Kisha tafuteni habari ya kwenu. Nyanda hizi na jirani zake za Ruvuma hazikosi. Nduna Mkomanile, mwanamke kiongozi wa Wangoni, alinyongwa Songea mwaka 1906 katika Vita vya Majimaji, na jumba la makumbusho la Songea linamkumbuka. Jukwaa la wanawake watupu lingemfaa sana, kwa sababu maofisa wa Kijerumani, wapiganaji na hakimu wangeigizwa na dada zake, na hadhira ingewatazama wanaume hao kwa jicho jipya. Chagueni kwanza wenye sauti za chini na kimo, muwape viatu vya buti vya mazoezi tangu juma la kwanza, kwa kuwa mwendo huchelewa kukaa mwilini kuliko maneno. Shusheni ufunguo wa nyimbo zao taratibu, nusu toni kwa nusu toni, na mwimbaji akianza kukwaruza, rudini juu siku hiyohiyo. Maleba yaje mwisho, baada ya mhusika kuonekana bila koti.